Seli zangu zinadumaa ila midia ni safi, naombeni ushauri

Seli_Sugu: Wakuu, nafanya utafiti wa uzamili, nakuza seli za Vero. Wiki ya tatu zinakua kwa kusuasua, lakini midia, yaani maji ya virutubisho ya kuzikuzia, inang'aa kabisa. Bakteria si wangeonekana? Usingizi sina.

Mama_Asha: Pole mwanangu. Kula kwanza. Wangu alikonda kwa tasnifu hadi tukampeleka hospitali, kumbe mawazo.

Fundi_Hadubini: Bakteria wa kawaida huchafua midia ndani ya siku moja mbili. Maikoplazma, bakteria mdogo sana, hafanyi hivyo. Hana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haimgusi, na anapenya hata kichujio cha mikroni 0.22. Seli ulizipata wapi?

Seli_Sugu: Maikoplazma tulipima kwa PCR, kile kipimo cha vinasaba, majibu hasi.

Fundi_Hadubini: Nimeuliza zilikotoka.

Seli_Sugu: Rafiki wa maabara nyingine alinipa chupa moja. Hazikuwa zimepimwa. Nikaziweka inkubeta ya wote, kabati la joto la kukuzia seli, nafasi ilikuwa hakuna. Sampuli nilichukua saa chache baada ya kubadilisha midia. Ila dawa ya kuzisafisha nimeshaagiza, sioni haja ya kuzitupa.

Mzee_wa_Banda: Vijana mnapenda njia za mkato. Mimi nilipewa kuku watatu, nikawachanganya na wangu bila kuwatenga. Mdondo ukafagia banda zima.

Kabwela: Hii chai. Mtu wa uzamili asijue maikoplazma? Haya, Vero ni seli za nini?

Seli_Sugu: Figo la tumbili, zilianzishwa Chiba, Japani, 1962. Si chai mkuu, natamani ingekuwa chai. Mwenzangu ametumia chupa yangu ya midia, na anawasilisha matokeo mwezi ujao. Hajui.

Kabwela: Basi samahani ndugu.

Fundi_Hadubini: Mwambie leo. Kisha pimeni upya wote wawili: kuzeni seli bila antibaiotiki mpaka zijae chupa, chukueni midia iliyokaa siku mbili tatu, na muweke sampuli chanya na hasi za kulinganishia. Pakeni na rangi ya Hoechst inayong'arisha DNA, mkiona vidoadoa vinavyong'aa nje ya kiini, ndiye huyo. Zako ningezitupa, Vero safi zinapatikana.

Seli_Sugu: Dawa imefika asubuhi, ni ya wiki mbili. Ngoja niimalize kwanza, pengine hata haitakuwa lazima kumsumbua.

Mzee_wa_Banda: Na mimi jirani sikumwambia. Kuku wake walianza kufa siku ya nne.

Mama_Asha: Mwanangu, mwenzio yuko hapo maabara sasa hivi?

Seli_Sugu: Yupo, mama. Ndiyo anafungua inkubeta.