Mjadala: Kemikali ya kiwandani ikiingia mtoni, mtambo wa maji ufungwe au uendelee kusukuma?

Mpima Maji

Wadau, tunaokunywa maji ya mto wenye viwanda upande wa juu swali hili ni letu. Dar es Salaam inakunywa Ruvu, na Ruvu inapokea Ngerengere iliyokwishapita Morogoro mjini. Nachukua tukio lililochunguzwa kwa kina: Charleston, West Virginia, Marekani, 9 Januari 2014. Tangi la Freedom Industries ukingoni mwa mto Elk lilitoboka sakafuni kwa kutu. Ukuta wa kuzuia umwagikaji ulikuwa na nyufa. Takriban lita 38,000 za MCHM, kemikali ya kusafishia makaa ya mawe, zikavuja, kilomita 2.4 tu juu ya mahali mji unapovuta maji.

Asubuhi wakazi walishalalamikia harufu. Amri ya kutotumia maji ikatoka jioni: watu wapatao 300,000, kaunti 9, maji ni ya choo na kuzima moto tu. Msimamo wangu ni kwamba pampu zilipaswa kuzimwa mchana ule ule. Sumu ikishaingia kwenye mtandao, kazi inahama kutoka mtambo mmoja kwenda kwenye kila bomba la kila nyumba.

Fundi Mitambo

Mkuu, zima kwa akiba ipi? Charleston walikuwa na chanzo kimoja. Baridi ilikuwa imepasua mabomba, na watu waliacha koki zikitiririka ili yasigande, hivyo matangi yalikuwa chini. Presha ikianguka, kila kiungo kinachovuja kinaanza kunyonya maji ya mtaro. Hospitali zinakauka, zimamoto hawana kitu. Kuirudisha si kuwasha pampu tu: unatoa hewa, unatia klorini, unapima bakteria, mtaa kwa mtaa.

Piga hesabu ya mji wowote. Matumizi lita milioni 100 kwa siku, matangi ya lita milioni 50, yamejaa nusu: una saa 6. Kama maji yenye sumu yanachukua saa 10 kupita, umeshindwa kabla hujaanza.

Charleston walitegemea kaboni, yaani mkaa maalumu wa kuchujia maji. Kaboni hunasa kemikali mpaka nafasi zake zijae, baada ya hapo inapitisha. Kujua dozi unahitaji jaribio la mitungi: lita moja moja ya maji ya mto, kaboni ya unga mg 5, 10, 20, 40, unakoroga kwa muda ambao maji hukaa mtamboni, unachuja, unapima. Sasa utapima nini kama mwenye tangi hajakwambia kilichomwagika? Pale Charleston, kuwepo kwa kemikali ya pili kwenye tangi hilo kulitangazwa karibu wiki mbili baadaye.

Afya Kwanza

Ndugu zangu, mnagombania pampu na mimi nagombania namba. Kiwango cha MCHM kilichotangazwa kuwa hakina madhara kilikuwa mg 1 kwa lita. Kilipatikana hivi: panya hawakuonyesha madhara kwa mg 100 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikagawanywa kwa 1,000 kama tahadhari, ikabaki mg 0.1 kwa kilo, mtoto wa kilo 10 anayekunywa lita 1, jibu mg 1. Huo ni unywaji pekee. Kuoga na kuvuta mvuke havimo. Siku chache baadaye wajawazito wakashauriwa wanywe maji ya chupa. Jopo la wataalamu lililohesabu pia ngozi na pumzi lilipendekeza mikrogramu 120 kwa lita (mg 0.12), yaani pungufu zaidi ya mara nane.

Kisha ukaja mwongozo wa kusafisha mabomba ya nyumbani: maji moto dakika 15, baridi dakika 5. Maji moto yanafukiza kemikali ndani ya bafu lililofungwa. Watu waliwashwa macho na kuumwa vichwa wakifuata maelekezo ya serikali! Kilichotakiwa ni kuanza na maji baridi, madirisha wazi, watoto nje.

Na tuwaambie watu wetu wazi: kuchemsha na dawa ya klorini ni kwa vijidudu. Metali kama risasi na kromiamu hubaki sufuriani, tena zikiwa zimekolea zaidi kwa kuwa maji yamepungua.

Msoma Sheria

Jimbo la West Virginia lilipitisha sheria mwaka huo huo wa 2014: matangi ya juu ya ardhi yasajiliwe, mamlaka za maji ziandae mipango ya kulinda vyanzo. Mwaka 2015 ikapunguzwa makali, matangi mengi yakaachwa nje. Wenye viwanda walilalamikia gharama.

Mpima Maji

Fundi, nakubali kuhusu akiba, ila hoja yako inanipa nguvu: mamlaka isiyo na akiba wala orodha ya matangi ya upande wa juu imeshaamua kuendelea kusukuma, hata kabla ya ajali. Hivyo ndivyo vitu viwili vya kudai kwa barua.

Mkichukua sampuli wenyewe, msichanganye vyombo. Kemikali zinazofukizika: chupa ndogo ya kioo ya ml 40, ijazwe bila kiputo cha hewa hata kimoja, ikae kwenye barafu. Metali: chupa safi ya plastiki, maabara itie asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Andika saa, koki, na kama maji yalitiririka kwanza. Muulize mpimaji kiwango cha chini kabisa mashine yake inachoweza kuona. "Haikuonekana" kwenye mashine inayoanzia juu ya kiwango cha sheria si jibu, na una haki ya kuirudisha.