Nani alikuambia saa ya seva inasogezwa kama ya ukutani?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Sisi ni ofisi ndogo ya kuweka na kukopa, hapa Dar. Seva yetu ya PostgreSQL (database inayotunza miamala) inatembea kwa UTC, yaani majira ya kimataifa, saa tatu nyuma ya saa zetu. Juzi mwanachama kalalamika: kaweka hela saa tano asubuhi, risiti inasema 08:00. Lalamiko la haki kabisa. Dawa yake ni mstari mmoja wa kuiambia database itumie majira ya Africa/Dar_es_Salaam. Data haiguswi, kinachobadilika ni muda unavyoonekana tu.

Fundi tunayemlipa kila mwezi yeye akazima NTP (inayolinganisha saa ya seva na saa sahihi za mtandaoni), akaandika date -s, amri ya kubadili saa kwa mkono, akaisukuma saa ya seva mbele saa tatu. Watu wamejaa kaunta, miamala inaingia! Hapohapo wahudumu wote wakatupwa nje ya mfumo, sesheni zao zimeonekana zimekwisha muda.

Hilo ningelimeza. Aliponisikia nafoka, saa saba kasoro dakika ishirini, akairudisha nyuma saa tatu bila kuniuliza. Hapo ndipo aliponimaliza.

Mama mmoja aliweka laki nne saa sita na nusu, mstari wake kwenye database ukaandikwa 12:30. Saa nane akaja kutoa laki tatu, seva ikaandika 11:00. Programu yetu inachukua salio kwenye mstari wenye muda wa mwisho, kwa hiyo kwa programu zile laki tatu hazijatoka. Saa tisa dirisha la pili likampa laki tatu nyingine. (Najua mtasema salio lisomwe kwa namba ya muamala. Sawa, hilo ni letu.)

Hata bekapu imenigomea. Nikitaka kurudisha database mpaka 11:30, ni 11:30 ipi? Zipo mbili siku moja! Na kama saa ingekuwa imepotea kweli, si chrony, programu ya kurekebisha saa kwa NTP, ipo? Seva ikiwa kazini, kwa kawaida huivuta kidogokidogo, hairuki nayo.

Nimemuuliza, kanijibu: "Bosi, si nimeshairudisha?"

Nenosiri lake nimelibadili. Sasa nauliza waliowahi kusafisha uchafu wa namna hii: ile mistari iliyoingia kwa muda wa saa moja na dakika arobaini seva ilipokuwa mbele, niipunguzie saa tatu, au niiache na kuiwekea alama? Maana risiti zimeshachapwa, wanachama wanazo mkononi, na mkaguzi anakuja Alhamisi.