Wazazi Darasa la Pili B: vitabu vya likizo

JUMATANO JIONI

Mwl. Maktaba: Wazazi, habari za jioni. Likizo ya Juni inakaribia. Safari hii nimeomba, na Mwalimu Mkuu amekubali, vitabu vya hadithi vitoke kabatini viende nyumbani na watoto. Kila mtoto kitabu kimoja, na kutakuwa na daftari la kuazima ambalo mzazi atatia saini. Naomba maoni yenu kabla hatujaanza kugawa.

Mama Salma (Admin): Asante Mwalimu. Wazazi karibuni. Tuongee kwa zamu jamani, ule mjadala wa sare ulitushinda.

Baba Ibra: Swali langu ni moja tu. Kikichanika nani analipa?

Mama Kulwa: 😂😂 Baba Ibra hata salamu hakuna

Baba Ibra: Habari za jioni. Kikichanika nani analipa? Nina mdogo wake Ibra wa miaka miwili pale ndani. Bili ya maji ya mwezi uliopita aliila.

Baba Kelvin: Mi naomba kwanza nijue hivyo vitabu vilikuwa wapi siku zote. Kelvin ananiambia maktaba ipo ila hajawahi kushika kitabu chake

Mwl. Maktaba: Baba Kelvin, vilikuwa kwenye kabati la kufuli na ufunguo ofisini. Kikipotea kimoja anayeulizwa ni mwalimu aliyesaini kuvipokea, kwa hiyo kwake yeye salama ni visitoke. Vimetunzwa vizuri sana. Vingine kurasa bado zimeshikana.

Baba Kelvin: Vimetunziwa nani sasa, panya?

Mama Tumaini: Naunga mkono vitoke. Ila Baba Ibra ana hoja, kitabu cha watoto dukani siyo bei ya andazi.

Mwl. Maktaba: Kitabu kinachosomwa huchanika, hilo nimelikubali tangu mwanzo. Kikichanika kileteni hivyo hivyo, selotepu ninayo na wanafunzi wa darasa la sita hunisaidia kubandika. Tafadhali msibandike kwa uji wa ngano, mende wanafuata. Kikipotea kabisa hakuna faini. Mnajua tangu elimu bila ada ianze 2016 suala la michango lina utaratibu wake, na mimi sishiki pesa ya mzazi mkononi. Mwenye nia ya kufidia aonane na kamati ya shule.

Baba Ibra: Sawa. Lakini nimesema mapema, bila faini vitapotea.

Mama Salma (Admin): Mbona viti vya shughuli tunaazimana mtaa mzima na vinarudi?

Baba Ibra: Vinarudi kwa sababu vimeandikwa jina mgongoni kwa rangi nyekundu

Mwl. Maktaba: Na hivi vina mhuri wa shule, mmoja ukurasa wa kwanza na mwingine ndani, sisemi ni wapi.

Mama Kulwa: Mwalimu, sisi wa mapacha tunapata viwili?

Mwl. Maktaba: Viwili tofauti, Mama Kulwa. Wakimaliza wabadilishane.

Mama Pendo: Dagaa wa Mwanza wamefika wakavu hawana mchanga, karibuni inbox 🐟

Mama Salma (Admin): Mama Pendo!! Hili ni kundi la shule.

Bibi Nasra: [ujumbe wa sauti]

Mama Salma (Admin): Kwa mlio kwenye daladala: Bibi anasema yeye hakusoma, herufi hazijui, na Nasra analala kwake kwa kuwa mama yake yupo kazini Dodoma. Anauliza huyo mtoto akija na kitabu, yeye afanye nini nacho.

Mwl. Maktaba: Shikamoo Bibi. Nakujibu kwa sauti pia, ila naandika kwa faida ya wengine. Usifanye kazi ya mwalimu. Kaa, mwambie Nasra akusomee. Tazama picha naye. Muulize huyu ni nani, kwa nini amekimbia, mama yake atasemaje akirudi. Akikueleza kwa maneno yake mwenyewe, ujue ameelewa. Akibabaika, mwambie arudie ukurasa. Hapo umefanya kazi kubwa kuliko mzazi mwenye shahada anayemwachia mtoto kitabu na kwenda kuangalia taarifa ya habari.

Baba Kelvin: Hapo kwenye taarifa ya habari tumelengwa 😅

Mama Tumaini: Mwalimu hilo la kuelewa ndilo shida yangu. Tumaini anasoma mbio kama mtangazaji wa mpira. Ukimuuliza umesoma nini, anakutazama tu.

Mwl. Maktaba: Mama Tumaini umegusa penyewe. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa. Mtoto akishazishika silabi, ba be bi bo bu, anaweza kutamka ukurasa mzima bila kosa na asijue umesema nini. Mzazi akisikia anatiririka hivyo anafurahi, kitabu kinafungwa, kesho hivyo hivyo. Anafika darasa la nne, maswali ya ufahamu yanamshinda, na nyumbani wanashangaa kwa sababu mtoto "anajua kusoma".

Mama Tumaini: Huyo ni wangu kabisa

Mwl. Maktaba: Mpunguzie mwendo. Kabla hajafungua ukurasa unaofuata mzuie kwa mkono, muulize unadhani nini kitatokea. Akikosea siyo neno, la muhimu awe ameifuata hadithi. Na asiishie kujibu, akuulize na wewe. Watoto wanapenda sana kumkamata mzazi ambaye hakuwa anasikiliza.

Baba Kelvin: Wangu kinyume chake. Anakwama. Jana ng'ombe akasoma ngo, ngo, ngombe, dada yake akacheka, kitabu kikarushwa.

Mwl. Maktaba: Herufi mwambatano huwa zinawasumbua, ng' na ng, mb, nd, dh na gh. Ni kawaida kwa umri huo. Akikwama usidakie hapo hapo, mpe nafasi ajaribu. Ikishindikana mtajie neno asonge mbele, hadithi isipoe. Na dada yake asimcheke, bora yeye ndiye awe anasoma naye. Yupo darasa la tano, si ndiyo? Atapata faida hata yeye.

Mwl. Maktaba: Halafu inawezekana kitabu chenyewe ni kigumu kwake. Kuna kipimo cha vidole. Mtoto afungue ukurasa wowote wa katikati. Kila neno asilolijua ainue kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho arudishe, achukue chepesi. Asipoinua hata kimoja, basi hicho ni cha kumsomea mdogo wake. Siku ya kugawa tutapima hivyo, kwa hiyo mtoto wa jirani akipata kinene na wa kwako chembamba, msinipigie simu usiku.

Mama Kulwa: 😂😂 Mwalimu anatujua

Baba Kelvin: Yote sawa, ila mimi nafunga duka Kariakoo, nafika nyumbani saa tatu na kitu, mtoto keshalala. Kumi na moja alfajiri natoka. Saini nitatia, lakini kusoma naye sijui lini, labda Jumapili.

Mama Kulwa: Si akurekodie? Mama yake ana simu. Asome ukurasa mmoja kwa ujumbe wa sauti, wewe usikilize kwenye basi la mwendokasi, umjibu hapo hapo kwa swali. Sisi baba yao yupo melini, ndivyo wanavyofanya. Meli ikifika bandarini zinaingia zote kwa pamoja, anazisikiliza moja moja.

Baba Kelvin: Hiyo nimeielewa. Kumbe ule muda wa foleni si wa kupoteza

Mwl. Maktaba: Mama Kulwa, naichukua hiyo niwape na wa darasa la tatu.

Mama Tumaini: Na vya kwenye simu hakuna? Kitabu kimoja mwezi mzima, huyu wangu wa mbio atakimaliza kesho yake.

Mwl. Maktaba: Vipo, na vya bure. Vya kiada vipo Maktaba Mtandao ya TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, pale unafungua kitabu kile kile anachotumia darasani. Hadithi za kujifurahisha tafuteni African Storybook. Ni mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ulianza 2014, na hadithi nyingi zimeandikwa na walimu na waandishi wa huku kwetu Afrika. Chagueni lugha, Kiswahili kipo. Zina ngazi tano: ya kwanza picha na neno moja moja, ya tano ni ndefu za kumsomea mtoto. Darasa la pili anzeni ya pili au ya tatu. Kuna pia StoryWeaver ya Pratham Books kutoka India, nayo ina za Kiswahili. Zote unaweza kupakua ukiwa sehemu yenye waifai, ukazisoma nyumbani bila bando.

Baba Ibra: Mtoto ukimpa simu asome hadithi, dakika mbili yupo kwenye gemu. Mimi simu sitoi.

Mwl. Maktaba: Usitoe. Hadithi hizo leseni yake inaruhusu kuzichapa. Peleka steshenari, chapa nyeusi na nyeupe, kunja katikati, piga stepla. Rangi atapaka mwenyewe, na hilo litamchukua siku nzima ya likizo, upumzike.

Mama Salma (Admin): Mimi naongeza la bure jingine. Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi ina sehemu ya watoto. Nimekulia pale, mama alikuwa akituacha humo akienda sokoni, tunakaa kimya kwa woga wa yule mama wa kaunta. Jengo alilifungua Mwalimu Nyerere 9 Desemba 1967 na bado lipo. Wazazi wa huku tuchukuane siku moja ya likizo, daladala moja.

Mama Kulwa: Niandike. Wawili.

Mama Tumaini: Na mimi mmoja. Nauli kila mtu yake, eti Admin?

Mama Salma (Admin): Kila mtu yake, na karanga zake.

ALHAMISI

Mwl. Maktaba: Wazazi, la pili. Nilifikiria tufanye siku ya familia kusoma pamoja hapa shuleni tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO waliipitisha 2021.

Baba Ibra: Mwalimu, 7 Julai ni Sabasaba. Nusu ya watu wako kwenye maonyesho ya biashara Kilwa Road, nusu wamelala.

Mwl. Maktaba: Ndiyo, na tarehe ilichaguliwa kwa kuifuata Sabasaba hiyo hiyo, chama cha TANU kilipozaliwa 1954. Lakini nimekuelewa. Tusogeze Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua shule, asubuhi, chini ya mwarobaini. Kila familia ije na mkeka.

Baba Kelvin: Ratiba ni nini? Hotuba?

Mwl. Maktaba: Hotuba hakuna, nimemwomba hata mgeni rasmi asiwepo. Mtoto anasoma na mtu wa nyumbani kwake, dakika kumi na tano tu. Baada ya hapo Bibi Nasra, kama ataturuhusu, atatoa hadithi moja ya kwao. Watoto wataisikiliza kisha wataiandika. Karatasi ya A4 ukiikunja mara tatu na kuichana katikati inatoa kijitabu cha kurasa nane bila gundi wala stepla. Kila mtoto ataandika na kuchora cha kwake. Vizuri vitagongwa mhuri viingie kwenye daftari la kuazima kama vitabu vingine.

Mama Tumaini: Yaani Tumaini awe na kitabu chake maktaba? Hatalala huyu

Bibi Nasra: [ujumbe wa sauti]

Mama Salma (Admin): Bibi anasema atakuja, hadithi anazo, ila zingine zina zimwi anayekula watu, anauliza aondoe zimwi?

Baba Kelvin: Bibi usiondoe!!

Mama Kulwa: Zimwi abaki

Mwl. Maktaba: Abaki. Sungura naye akiwemo tutashukuru.

Baba Ibra: Turudi kwenye vitabu. Vitabebwa na nini? Kwenye begi kuna chupa ya maji, uji, na madaftari yaliyolowa. Nina vipande vya turubai dukani, naweza kushona mfuko wa saizi ya kitabu, wenye kifungo. Elfu moja.

Mama Kulwa: Elfu moja kwa mabaki ya turubai Baba Ibra? Mapacha je?

Baba Ibra: Mapacha elfu moja na mia tano. Uzi nanunua, cherehani inakula umeme.

Mama Salma (Admin): Asiyeweza atumie bahasha ya kaki, isiwe lazima. Baba Ibra, Nasra mshonee, nitalipia mimi.

Baba Ibra: Wa Nasra sichukui pesa. Na sijabadili msimamo, vitapotea.

Mwl. Maktaba: Nitaandika utabiri wako kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, tuhesabu Julai. Wazazi, kugawa ni Ijumaa ya kesho kutwa wiki… samahani, Ijumaa ya wiki ijayo, siku ya kufunga shule. Aje mzazi, mlezi au ndugu mkubwa, siyo mtoto peke yake. Saini ni lazima.

Bibi Nasra: [ujumbe wa sauti]

Mama Salma (Admin): Bibi anauliza kama dole gumba linakubalika.

Mwl. Maktaba: Linakubalika, wino upo. Njooni kabla ya saa sita, siku hiyo tunafunga ofisi mapema.