Tupeane uzoefu: traiathloni na ugonjwa wa kudumu, nyinyi mwafanyaje?

KakaWaBamburi:
Jamani habari zenu. Leo nataka tuongee traiathloni lakini sisi wenye maradhi ya kuishi nayo, si wale wazima. Mimi nna sukari taipu wani, ile ya sindano, tangu niko skuli, na kila nikisema naingia baharini watu wanishangaa utadhani naenda kujitupa. Nafanya ile fupi, kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, mbio kilomita 5. Ile ya olimpiki ya 1.5, 40 na 10 sijaigusa bado.

Kwangu shida si baiskeli wala mbio, ni maji. Kwa baiskeli sukari ikishuka nasimama kando, nalamba glukosi, nakaa chini ya mwembe robo saa napima tena, yamekwisha. Baharini utasimama wapi? Na hii sensa ya mkononi ya kupima sukari ukishazama haitumi kitu kwa simu, bluetooth haipiti majini. So mimi naingia nikiwa juu kidogo makusudi, kati ya 7 na 10 kwa kipimo cha mmol/L, ikiwa chini ya hapo nala tende nasubiri hata kama wenzangu washavaa kofia. Jeli moja ya glukosi naiweka ndani ya kofia ya kuogelea upande wa sikio, mikono ikianza kutetemeka naitoa naipasua kwa meno. Na mjue siku ya mashindano sukari yaweza kupanda yenyewe kwa wasiwasi tu, waamka waona 13 na hujala kitu, sasa ukikimbilia kujidunga dozi kamili itakuangusha katikati ya maji. Halafu siku hiyo sindano sipigi paja, napiga tumbo, manake paja likifanya kazi dawa yaingia mbio.

Haya, wengine? Pumu, presha, siko seli, karibuni nyote.

BintiKisauni:
Mimi pumu kaka. Watu wadhani bahari ndio itanimaliza, wallahi bahari ndio yanipa raha, ile hewa ya joto na unyevu kifua chafunguka chenyewe. Kinachoniua ni barabara ya Mtwapa, lori likipita likakuachia ule moshi mweusi na vumbi hapo filimbi yaanza kifuani. Sai natoka baada ya swala ya alfajiri kabla matatu hazijajaa. Inhela ya bluu napiga mara mbili robo saa kabla ya kuanza, na nyengine nimeifunga kwa selotepu kwenye fremu ya baiskeli karibu na chupa ya maji.

Na wale waogopao kupimwa dawa za kuongeza nguvu, salbutamoli ya kuvuta, ndio hiyo inhela ya bluu, yaruhusiwa, WADA, lile shirika la dunia la kupinga dawa hizo michezoni, wameweka kikomo maikrogramu 1600 kwa saa 24 na usizidi 600 kwa saa 8, na pafu moja kwa kawaida ni 100. Lakini insulini yako wewe imo kwenye orodha ya vilivyokatazwa, ushachukua kibali?

KakaWaBamburi:
Umenena dada. Kuna kibali cha matibabu, daktari aleta maelezo na vipimo, waomba. Mashindano ya mtaani hakuna wa kukuuliza, ila ukipanda ngazi bila hiyo karatasi utaitwa mwizi na sindano yako ya kukuweka hai.

tawi_la_mkoma:
Siko seli hapa. Nafanya rilei, tuko watatu, mimi baiskeli tu na siendi kasi, daktari alikubali kwa masharti. Adui yangu ni kukauka maji. Nakunywa kuanzia usiku wake, na mifupa ikianza kusema nashuka, sibishani nayo.

MzeeChangamwe:
Watoto wazuri, mimi nna hamsini na kitu, sukari taipu ya pili, ya vidonge. Nina jambo moja, MIGUU. Mwatoka majini mwakimbia pekupeku mpaka kwa baiskeli, pale pana makombe, changarawe, vigae vya chupa, na mwenye nyayo zilizokufa ganzi hasikii amekatwa. Mimi naacha kandambili pale mchanga unapoanza kukauka, vijana wanicheka nami nazivaa. Soksi zangu nyeupe tupu ili damu ionekane. Nikirudi nyumbani mke wangu anishikia kioo naangalia nyayo na katikati ya vidole, kimoja kimoja.

MamaLikoni:
Asalam aleikum. Mimi sishindani, ni mwanangu, ana miaka 16, taipu wani pia. Skuli moja waliposikia sukari walimtoa kwenye kuogelea papo hapo, hata hawakuuliza. Sasa kapata kocha lakini kila akiingia majini roho yangu iko mkononi. Hebu niambieni, akiwa kule ndani nani ajua kama aogelea au azama? Na insulini kwa jua hili la kaskazi aiweke wapi?

KakaWaBamburi:
Shikamoo mama. Hao wa skuli waambie Steve Redgrave, mpiga makasia wa Uingereza, aligunduliwa na sukari 1997 na akabeba dhahabu Sydney 2000, olimpiki ile ile traiathloni ilipoingia mara ya kwanza.

Kuhusu maji. Kabla hawajaanza, nenda wewe mwenyewe kwa wenye boti na waokoaji, uwaonyeshe mtoto uso na namba yake, uwaambie huyu akisimama akashika kofia ni sukari, si kuchoka, mpeni kitamu kwanza. Ila akiwa hajitambui asitiwe kitu mdomoni, hapo ni glukagoni, ile dawa ya dharura ya kupandisha sukari, na hospitali. Mazoezini asiingie bila lile boya la machungwa la kufunga kiunoni, na mwenzake ajuaye dalili. Na waende maji yakijaa, waogelee ndani ya mwamba, yakianza kupwa ule mkondo wa mlango wa mwamba wavuta nje vibaya sana. Usiku wa siku hiyo muamshe saa nane umpime, sukari hushuka baadaye watu washalala.

Insulini isikae juani wala ndani ya gari, na isilale juu ya barafu, ikiganda imekufa. Mimi natia barafu kwenye chupa ya chai ikae, namwaga, nakausha, ndio kalamu yaingia imefungwa kitambaa.

MamaLikoni:
Ahsante mwanangu, Mungu akuweke. Wa boti nitamtafuta. Ila chupa yangu ya chai simpi, nitamnunulia yake.