MJADALA: Tusaini tamko la mshikamano, au tumlipe kwanza mzee wa Ukara?

Mama Bustani, Kisesa

Wakuu, mwangaluka. Nina hoja, naomba tuijadili bila matusi.

Kikundi chetu cha kilimo hai kimeletewa tamko tulisaini. Limetoka kwa wana-permakalcha wa nje, Australia na Marekani (permakalcha ni kilimo kinachopangwa kwa kuiga maumbile), na linadai haki ya rangi: kwamba vyeti, ufadhili na majukwaa ya kilimo hiki vimeshikwa na Wazungu, ilhali sehemu kubwa ya maarifa yenyewe imetoka kwa watu Weusi na wenyeji wa nchi mbalimbali. Tunaombwa tuseme tuko pamoja nao. Wenzangu wengi wanataka tusaini leo leo. Mimi nimegoma, na sababu ni hii.

Mwaka jana tulipata mafunzo, ile kozi ya permakalcha ya saa 72 inayofundishwa dunia nzima. Mkufunzi alikuwa mgeni, mtu mpole, sina ugomvi naye. Siku ya saba wakamleta mzee kutoka kisiwa cha Ukara, humu Ziwa Victoria, atuoneshe "mbinu za asili". Mzee hakuja na projekta, alikuja na kiroba. Akatoa maganda makavu ya marejea, mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo, akayatikisa, yakalia kama njuga, watoto waliokuwa wanachungulia kwenye ua wakacheka. Kisha akachuchumaa, akachota udongo wetu wa kichanga, akauachia upite katikati ya vidole. Akasema, "Huu una njaa."

Akatueleza wanavyofanya kwao. Marejea hupandwa katikati ya uwele. Uwele ukivunwa, marejea yanabaki yakue, halafu yanachimbiwa chini yangali mabichi. Ng'ombe hazururi. Anafungwa ndani, kwenye shimo, analetewa majani, na samadi ikishajaa inabebwa kwa vikapu mpaka shambani. Saa mbili nzima hakuna aliyegusa simu. Mkufunzi mwenyewe alikuwa anaandika kuliko sisi.

Jioni karatasi ya posho ikazunguka. Mzee alisaini mstari unaofuata wa dereva: elfu ishirini na nauli. Mkufunzi hakusaini karatasi ile kwa sababu yeye alikuwa na mkataba. Baada ya miezi mitatu tukaletewa kitini kilichochapwa vizuri, na ndani yake kuna picha ya mikono ya mzee. Mikono tu. Chini pameandikwa "mkulima mwenyeji".

Sasa tunataka kusaini tamko kuhusu Australia na Marekani? Tuanzie hapo kwenye karatasi ya posho.

Kijana wa Nyegezi

Mama, shikamoo. Hoja yako ni nzito ila unachanganya mambo mawili. Wenzetu wa Marekani hawalii posho, wanalilia ardhi. Sensa ya kule ya mwaka 1920 ilihesabu wakulima Weusi zaidi ya 925,000. Ile ya 1997 iliwakuta hawafiki 20,000. Wakulima wa kila rangi walipungua, sikatai, lakini hawa walinyimwa mikopo ya serikali, au waliipata msimu ukiwa umeshapita. Walishtaki wizara ya kilimo ya nchi yao, na mwaka 1999 mahakama ikaidhinisha makubaliano ya fidia katika kesi ya Pigford. Mtu aliyepoteza shamba la babu yake anakuomba sahihi, unamjibu kwa elfu ishirini?

Pilipili Kichaa

Mnapenda posho tu nyie. Limeni.

Bwana Shamba Mstaafu

Kijana ana takwimu, Mama ana macho. Mimi niongeze kumbukumbu kidogo.

Huku Usukumani rangi na kilimo vimekwenda pamoja tangu zamani. Baada ya vita kuu ya pili wakoloni walileta mpango wa maendeleo ya Usukuma, wa kuanzia 1947: lima matuta, punguza mifugo, usipotii unatozwa faini. Baba yangu alitozwa. Matuta yenyewe hayakuwa mabaya, tena yanatunza maji. Ubaya ulikuwa kwamba anayeamua ni mtu asiyeshika jembe, na anayeadhibiwa ndiye anayelishika. Mwaka 1958 watu wa Geita walipoandamana mpaka Mwanza, walikuwa wanakataa baraza la wilaya la rangi mseto walilowekewa juu yao, na chuki ya zile amri za kilimo na mifugo ilikuwamo ndani yake. Polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi.

Halafu angalia kilichotokea baadaye. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 ulifanikiwa pale ulipokubali kurudi kwenye ngitili, malisho ambayo Msukuma alikuwa akiyafunga wakati wa masika ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Kitu cha babu, kikapewa bajeti. Na neno permakalcha lilitungwa Australia miaka ya 1970 na Bill Mollison na David Holmgren. Neno ni lao, siwanyang'anyi. Lakini kuchimbia marejea kwenye mchanga wa Ukara kulishaandikwa na mabwana shamba wa kikoloni kabla hao wawili hawajakutana.

Mtoto wa Ukara

Wakuu, naomba mniruhusu kuwaharibia sherehe. Nimezaliwa huko mnakokusifia.

Hatukufanya hayo kwa sababu tuna hekima ya ajabu kwenye damu. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, usipoweka samadi hupati kitu. Ndugu zetu waliohamia Ukerewe na bara, walikokuta ardhi ya kumwaga, waliacha ile kazi ya vikapu mara moja. Msitufanye makumbusho. Mtu akisema "maarifa ya asili" mimi nasikia mgongo unauma, maana nimebeba samadi nikiwa darasa la pili.

Alipwe, ndiyo. Ila alipwe kama fundi, si kama masalia.

Dada wa Igombe

Na hapo kwenye vikapu nisimame kidogo. Nani hasa anabeba? Kwetu ni mama na watoto. Huyo mzee amefundisha vizuri, Mungu ambariki, lakini mkewe hakuletwa, na naweka dau kwamba mbegu zile amezitunza mkewe juu ya dari la jiko.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Nenda kijijini kwetu kaisome kwa sauti uone utakavyoangaliwa. Kama tunasaini haki, karatasi iwe ndefu.

Kijana wa Nyegezi

Dada, hapo umenikumbusha mtu. Fannie Lou Hamer, mama wa Mississippi, mtoto wa wachuma pamba, aliyefukuzwa shambani alikokuwa anaishi kwa sababu alikwenda kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1969 akaanzisha ushirika wa mashamba katika wilaya ya Sunflower, na pamoja nao benki ya nguruwe. Familia inapewa jike, likizaa inarudisha watoto wa nguruwe wapewe jirani.

Mama Bustani, Kisesa

Kijana, hiyo si ndiyo kopa ng'ombe lipa ng'ombe?

Kijana wa Nyegezi

Ndiyo hiyo hiyo, mama. Ndiyo maana nasema tusaini. Hawa si wageni kwetu. Hata pamba yao tunaijua: huku wazee walivyochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi wakaunda vyama vyao, mpaka likasimama shirikisho la vyama vya ushirika vya pamba, Victoria Federation, la kina Paul Bomani mwaka 1955.

Mtoto wa Ukara

Na vyama hivyo baadaye vikatupunja wenyewe kwa wenyewe, weusi kwa weusi. Sijui tamko lina kipengele hicho.

Bwana Shamba Mstaafu

Halina. Nimelisoma.

Mama Bustani, Kisesa

Nimerudi. Jana nilimpigia mzee, maana tunamjadili kama vile ameshafariki. Nimemsomea tamko lote, na mtandao ulikuwa unakatika katika.

Kwanza kuhusu hela: anasema elfu ishirini haikumuuma, kilichomuuma ni ile picha. Wajukuu walimwonesha kwenye simu, akawaambia ni mikono ya mtu mwingine. Dada wa Igombe, ulikuwa sahihi kuhusu dari la jiko. Safari ijayo anataka waje wawili, na kila mmoja na mkataba wake. Hilo kikundi kimelipitisha asubuhi hii, na barua ya kutaka kitini kirekebishwe tunaiandika Jumamosi.

Kuhusu kusaini hakusema ndiyo wala hapana. Aliniuliza hao wa Marekani wanalima kwenye udongo gani. Nikabaki mdomo wazi.

Kijana wa Nyegezi

Kule kwa Hamer ni bonde la Mississippi, mama. Sehemu kubwa ni mfinyanzi mzito, unanata ukilowa na unapasuka ukikauka. Kama udongo mweusi wa mbuga zetu.

Mama Bustani, Kisesa

Nimempelekea jibu. Amesema kwenye mbuga marejea hayapendi maji yakituama, kwa hiyo wapande juu ya matuta.

Bwana Shamba Mstaafu

Matuta! Baba yangu asisikie.