Naombeni ushauri: nimebadilisha maneno yote ya muhtasari wa kipindi, mhariri bado anakataa

Nekesa_Umoja
Hamjambo wadau. Nina kibarua kwenye ofisi moja hapa Nairobi inayochapisha ratiba ya vipindi vya runinga. Watayarishaji wanatuletea muhtasari wa kila sehemu, na bosi anataka tuuandike upya kwa visawe, usizidi herufi 200 pamoja na nafasi, ili tusionekane tumenakili. Kazi ya juzi imerudi na alama ya kuuliza tu, hakuna maelezo. Majina ya wahusika nimeyabadilisha.

Wa kwao: "Zuhura anapigwa na butwaa baada ya kupata barua iliyofichwa chini ya godoro la marehemu mumewe. Wakati huohuo, Kassim anakula njama na wakili ili shamba la Kitengela lisiangukie mikononi mwa mjane."

Wangu: "Zuhura anachapwa na bumbuazi baada ya kupokea waraka uliositiriwa chini ya tandiko la hayati bwanake. Sambamba na hayo, Kassim anatafuna hila na mwanasheria ili konde la Kitengela lisidondokee viganjani mwa mjane."

Kila neno nimelitoa kwenye kamusi. Shida iko wapi?

FundiWaRiverRoad
"Anatafuna hila" 😂😂 Dada, huyo Kassim ana njaa! Na hilo konde la Kitengela mimi nimeona ngumi.

Mwalimu_Mstaafu
Binti yangu, kamusi haijakudanganya, ila visawe havikai kila mahali. Butwaa humpiga mtu, haimchapi. Njama huliwa; hila hufanywa. Ukichomoa neno moja kwenye nahau, nahau imekufa. Waraka siku hizi unatoka wizarani kwenda kwa walimu wakuu, haukai chini ya godoro. Halafu ili mtu apokee, lazima awepo wa kumpa, na Zuhura barua ameikuta mwenyewe.

Kubwa zaidi: maneno umebadilisha karibu yote, lakini mpangilio ni uleule. Zuhura, barua, godoro, kisha Kassim na wakili wake. Ndiyo maana bado inanuka nakala. Funga ukurasa wao. Jiulize nani anataka nini na nani anamzibia njia, kisha mwandikie jirani aliyekosa kipindi kwa sababu stima ilipotea. Kwa mfano:

"Barua aliyoificha marehemu mumewe inamwacha Zuhura kinywa wazi, na huku nyuma Kassim na wakili wanasuka mpango wa kumpokonya shamba la Kitengela."

"Barua", "wakili" na "shamba" nimeyaacha yalivyo. Hayana kasoro, ya nini kuyafukuza?

Buda_wa_Ngara
Mbona msumbuke? Tupia programu ya akili bandia, imekwisha.

Mwalimu_Mstaafu
Ukiiambia ibadilishe maneno, nayo itakuletea konde, kijana.

Karani_Milimani
Niongeze upande wa sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, inampa mwenye kazi haki juu ya tafsiri na marekebisho pia, si nakala tupu. Kwa hiyo kugeuza neno kwa neno hakumpi bosi wako kinga anayoifikiria. Kisa cha mjane kunyang'anywa shamba hakina mwenyewe, kila mtu anaweza kukisimulia. Maneno ya kukisimulia ndiyo yenye mwenyewe. Na kama ni watayarishaji wenyewe wanaowaletea, huenda hawana neno mkiutumia ulivyo. Bosi awaandikie barua pepe ya mistari miwili kuomba ruhusa.

Nekesa_Umoja
Asanteni sana. Mwalimu, yako imenyooka, lakini kuna jambo. Nimeitazama sehemu yenyewe: barua haikufichwa na mume. Aliyeificha ni mama mkwe, na hilo linafichuka wiki ijayo.

Mwalimu_Mstaafu
Hapo umenishika. Muhtasari wao haukusema aliyeificha, mimi nikamwongeza. Andika "Barua iliyokuwa chini ya godoro la marehemu mumewe inamwacha Zuhura kinywa wazi". Mama mkwe usimguse kabisa, hata kwa kudokeza.

Nekesa_Umoja
Inatosha ndani ya 200. Natuma sasa hivi.