Western Breach Kilimanjaro: ifungwe, ibaki, au mizigo ndo ipigwe marufuku?

Wakuu habari za saa hizi. Naona ubishi wa Western Breach, ile njia ya kupanda Kilimanjaro upande wa magharibi, umerudi tena, kuna wanaosema KINAPA, yaani hifadhi ya Kilimanjaro, waifunge kabisa maana inaua, na kuna wanaosema mlima ni mlima, anayeogopa apite njia ya Marangu. Mi nimebeba mizigo huo mlima misimu sita, Breach nimepanda mara nne, naomba niongee kama mgumu, yaani mbeba mizigo, maana naona hatutajwi kabisa.

Kwa wasioijua, unatoka Lava Tower unalala Arrow Glacier, mita 4,800 na ushee, alfajiri unaanza kupandisha ukuta wa mawe mpaka kwenye kreta. Yale mawe ya juu yameshikwa na barafu, usiku baridi ikikaza yanatulia, jua likishaingia barafu inalegea jiwe linaachia. Na hiyo barafu yenyewe inaisha, toka 1912 imepotea zaidi ya asilimia 80, sasa nini kitayashika? Januari 2006 mawe yalishuka yakaua Wamarekani watatu, njia ikafungwa, mwishoni mwa 2007 ikafunguliwa tena. Septemba 2015 jiwe likaua Mmarekani mwingine. Kila ikitokea mjadala unakuwa wa wageni tu.

Sasa chukua safari ya wanaolala Crater Camp, mita 5,700 na kitu. Mgeni anapanda na begi dogo, maji na koti, helmeti kichwani, guide yuko mbele anaangalia juu muda wote. Mgumu anakuja na kilo 20, hema, gesi, viti, hadi choo cha mgeni, mzigo uko kichwani au umekaa shingoni. Ukiwa umebeba hivyo huwezi kuinua uso. Mara yangu ya pili pale nilisikia wa juu wanapiga kelele "jiwe! jiwe!" nikashindwa kujua linatokea wapi, nikabaki nimekodolea viatu vyangu, likapita kushoto kwangu likagonga mwamba nikasikia harufu ile ya mawe yakigongana, kama baruti. Kichwani nilikuwa na kofia ya sufu na ndoo ya vyombo. Kampuni iliyonichukua siitaji, ila helmeti zilikuja sita na wageni walikuwa sita.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu, njia ibaki kwa mgeni anayeitaka na guide wake lakini mizigo isipite pale hata siku moja. Wagumu washuke kambi ya Barranco, wapite ya Karanga, wakasubiri kambi ya upande wa pili, mgeni afike Uhuru ashukie huko. Crater Camp kwa kupitia Breach ife. Najua kuna makampuni yanaiuza ghali na yatalalamika, yalalamike.

Mkuu mmoja hapo juu kaandika kwamba wagumu wenyewe ndo wanaipenda maana tip ni nene. Kweli kabisa, hata mi nilienda kwa sababu hiyo, mtoto alikuwa anaingia fomu wani. Lakini mtu mwenye shida ya ada atakubali kupita popote, hiyo haimaanishi pako salama bwana. Na hao wageni wakizungushiwa mizigo hawaachi kutoa tip.

Kingine, hawa Waswisi wenye maporomoko ya theluji kila kipupwe, wana taasisi yao pale Davos inatoa taarifa kila siku ya msimu, hatari daraja la 1 mpaka la 5, mteremko unaoelekea upande gani ndo mbaya leo, mtu anasoma jioni anaamua kesho aende au alale. Na wanakuambia wengi wanafia kwenye daraja la 3, maana watu wanaliona la kawaida. Sisi pale Arrow Glacier taarifa ni guide aliyeshuka jana akikuambia "leo yamelia sana". Basi hata hilo liandikwe getini, rejista ya mawe, siku, saa, yameshuka sehemu gani, wapandaji wa kesho wasome. Kalamu na daftari tu, haihitaji mfadhili.

Maguide mliomo humu, safari yenu ya mwisho ya Breach wagumu wangapi walipanda na wangapi walikuwa na helmeti? Wekeni namba, ya kusikia kwa watu tuachane nayo.